Nyota Mbili

Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe.
Ndivyo benki yetu hapa Plovdiv ilivyonisomea
milango yake isiyo na majina,
hata nikaketi usiku kumi na mmoja,
skrini nimeizima (niiwashe ya nini?),
nikaunda nyongeza, kila kitufe nikakibatiza:
Lipa. Rudi. Futa.

Nikaitoa bure.

Asubuhi, sauti ile ile inayonisomea bili ya gesi
ikasema bila kicheko wala huruma:
"Nyota mbili kati ya tano. Zdravka, wa Varna.
Jina linafika nimeshabonyeza.
Jana nimemlipa mtalaka wangu
deni ambalo mwenyewe alikwisha lisahau."

Nilicheka, kahawa ikamwagikia kibodi.
Kisha sikucheka.
Nusu sekunde, nami niliiona si kitu,
mimi ambaye sauti yangu nimeikimbiza mara tatu;
yeye ana miaka sabini na sita,
masikio yake hutembea.

Toleo la pili: jina kwanza, kidole baadaye.

Jumapili akarudi. Nyota nne.
"Ya tano naishikilia.
Bado hutamka Zdravka kama mtu anayekohoa."