Ziwa Lipi, Baba

Tulitoka Ende saa nane za usiku,
Kornelis kaushika usukani kama mtu aliyeshika deni,
Gaudensia katikati, sufuria ya wali mapajani,
na mimi dirishani, kioo hakipandi,
nikinywa baridi ya mlima kwa sikio moja.

Gari ni la Baba. Pikapu ya kijani
iliyobeba simenti, nguruwe, na mara mbili maiti,
na yale majogoo ya kupiganisha
yaliyokula ada yangu ya shule.
Gia ya pili ingali inakoroma.
Kiti kingali kinanuka tumbaku yake.

Barabara inajikunja, inajikunjua:
huku jabali linalotema mawe,
kule giza lenye mto ndani yake.
Penye maporomoko ya wiki jana
kijana mwenye tochi na koti la mvua
anatusimamisha, anatupungia tupite, anaomba sigara.
Kornelis anampa mbili.
"Moja ya marehemu," anasema,
na hapo ugomvi ukawaka.

Maana wafu wa kwetu hawapotei ovyo.
Huko juu mlima una vinywa vitatu, kila kimoja na maji yake:
wazee huenda lao, vijana lao,
na waliotenda mabaya wana lao,
siku nyingine jeusi, siku nyingine rangi ya kutu.

"La wazee," akasema Gaudensia.
"Alikufa na miaka sabini na mmoja."
"La wabaya. Uliza mgongo wangu."
"Usimseme mtu aliye safarini."
"Mwaka mzima safarini? Basi kakuta wacheza kamari njiani."
Nilicheka. Nikajuta.
Nikacheka tena, na Gaudensia naye,
mpaka kifuniko cha sufuria kikalia.

Moni tulinywa kahawa tumesimama.
Karafuu zimeanikwa kandokando ya lami,
mbwa kalala juu yake, hana habari.
Kisha ngazi. Nilihesabu hadi mia mbili na kumi,
pumzi ikaninyang'anya hesabu.

Kileleni: ukungu.
Si ziwa la wazee, si la wabaya,
hata viatu vyangu sikuviona.
Wageni wenye kamera wanalalamika kwa lugha tano.
Bi Marselina, muuza tambi za moto,
akafunika birika lake kwa kitambaa cha kufuma.
"Jumatatu lile lilikuwa samawati," akatuambia,
"Alhamisi likawa kama chai ya maziwa.
Mimi siulizi tena. Nauza tambi."

Halafu upepo ukashika ukungu kwa ncha
na kuuvuta, taratibu, kama shuka la mgonjwa.

Rangi ile sina jina lake.
Kijani, hapana. Buluu, hapana.
Ni rangi ambayo macho huisikia kwanza mdomoni,
kama chuma, kama limau.
Na ubavuni mwake, jeusi, limenyamaza,
na kati ya ziwa la vijana na ziwa la wabaya
ukuta wa mwamba mwembamba,
mwembamba hivi,
ungesema mtu anaweza kukosea hatua.

Gaudensia aligeukia magharibi, kwa wazee, akatupa wali wake.
Kornelis alikaa. Akachukua tonge,
akalitazama, akalila.
Kisha akachukua la pili, na hilo
akalirusha kwenye weusi, kwa nguvu,
kama anayemrudishia mtu kofi,
na machozi yakamtoka bila idhini.

Mimi nina picha, Baba kwenye boneti hii hii,
ana miaka kumi na tisa, gita halina nyuzi mbili,
anacheka na mtu asiyeonekana pichani.
Huyo sikuwahi kukutana naye.
Nikamwagia kahawa ziwa la vijana.
Najua. Utaratibu hausemi hivyo.

Tuliteremka kwa gia ya kwanza, breki zikinuka,
sufuria tupu ikibingirika nyuma
kila kona, huku, kule,
na hakuna aliyesema tusimame tuifunge.