Gurudumu la Katuba

Msile bukari kabla. Nasema kila mwaka,
na kila mwaka Kyabu anatapika njiani.
Kamba za viatu, mafundo mawili.
Simu ibaki kwangu, na chenji ya tiketi pia.

Kwanza farasi wa mbao, wale wenye masikio yaliyomeguka,
ili Mwadi asianze kulia mapema.
Yeye bado kidole kimoja aufikie ule mstari mwekundu;
msimsukie nywele juu kumdanganya mzee wa tiketi.
Mwaka jana alimpapasa kichwa, tukaaibika.

Magari ya kugongana: mgongeni baba yenu.
Ni hapo tu mna ruhusa.

Gurudumu liwe la mwisho, jua likianza kuteleza
na terili kubaki nyeusi.
Bibi atasema hapandi. Msimbembeleze.
Mshikieni mkoba tu, mwacheni asimame karibu na ngazi.

Alipanda, jamani.
Umeme ukakatika tukiwa juu kabisa,
kiti kikilia kama mlango wa jirani.
Mimi, mwenye sheria zote, nikafumba macho,
nikamsikia anahesabu mabati:
"Kanisa. Kwa Banza. Pale ndipo babu yenu alikuwa akishuka na baiskeli
kutoka zamu ya usiku, vumbi jeusi mpaka kwenye kope.
Miaka thelathini nalitazama lile bomba la moshi
kutoka chini."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini,
kama tiketi hiyo moja inatosha
wakichelewa kuwasha.