Panya wa Ukurasa wa Tisa

Tekle hajui hata herufi moja,
hizi zetu zilizojikunja kama vikonyo vya mzabibu.
Usiku, Kutaisi, theluji imeziba dirisha,
namsomea: "Nyumba ilikuwa tupu."
Ananishika kidole, anakisukuma pembeni:
"Baba, si tupu. Huyu hapa."

Kweli. Chini ya jiko la kuni
mkia, uzi mwembamba wa wino.
Mara ishirini nimepita hapa
nikikimbiza maneno kama mtu anayewahi treni.

Yeye hana haraka.
Anahesabu vifungo vya koti la dubu,
anapuliza supu ya rangi ipoe,
anauliza kwa nini mwezi ni mkubwa zaidi
upande wa mtoto aliyepotea.
Sijui, nasema. Ananihurumia.

Jana, kwa uchovu, niliruka kurasa mbili.
"Ndoo nyekundu iko wapi?"
Nikarudi nyuma, mwizi aliyefumaniwa.

Sasa amesinzia, kiganja juu ya picha,
amemfunika panya asipate baridi.
Nami nimebaki na maneno yangu meusi,
nayainamia moja moja,
natafuta mkia.