Jikaze

Somo aliniambia jikaze, usiku wa ndoa.
Mkunga: jikaze, Mwanakheri, kichwa hicho.
Kwenye matanga ya mume wangu, Langoni,
mkono begani: jikaze.

Nikajikaza.
Nyonga ikasikia, ikatii,
ikawa fundo la kamba ya punda
lililolowa kisha likakauka.
Miaka sita sikai ila kwa upande mmoja.

Leo, nyuma ya pazia la hospitali,
Kadzo kavaa glavu, hana haraka.
Nilidhani atanipa mazoezi ya kubana.
“Hapana, dada. Pumua hadi chini. Achia.”

Achia?
Hilo neno sikufunzwa.

Nikapumua. Fundo halikufunguka.
Uzi mmoja tu ulilegea,
nami nikalia kwa sauti,
sikujikaza.