Soga na Ruvu

Jumamosi saa mbili tunafungua banda la makumbusho, Gerezani.
Kufuli lenyewe linadai mafuta kabla ya mashine.
Lugano kabeba msasa na brashi ya waya,
Bi Zamoyoni matambara ya kanga iliyokwisha maneno,
mimi nimekuja na mikono ya karani mstaafu
inayojua mihuri, isiyojua spana.

Mezani masanduku mawili ya chuma,
kila moja refu kama mtoto wa darasa la pili.
Moja limeandikwa SOGA, jingine RUVU.
Tuliyaokota nyuma ya banda:
Soga ikiwa kiota cha panya,
Ruvu ikiegemewa na pikipiki ya mlinzi.

Kazi yao ilikuwa kutunza vipande.
Dereva asiye na kipande mkononi haondoki,
hata abiria wamtukane mpaka bibi yake.
Njia moja, kipande kimoja.
Fahali wawili zizi moja, utaokota pembe;
treni mbili njia moja, utaokota nini?
Na Soga haikuweza kutoa kipande
mpaka Ruvu, kule mbali, ibonyeze, iridhie.
"Ndiyo maana," Lugano anasema,
"Soga isiyopiga soga na Ruvu ni stesheni bubu."
Kaichekea mwenyewe. Ameshaisema mara tisa.

"Mnalipwa kiasi gani?" muuza mihogo aliuliza.
Chai, tukamjibu. Ya rangi.
Alituangalia kama watu waliofiwa,
akatuongezea kachumbari.

Miezi saba. Kutu ya mji huu haina haraka,
ina bahari nzima nyuma yake.
Koili ya Soga aliisuka upya Lugano,
mizunguko elfu mbili na mia nne, akihesabu kwa sauti.
Kwenye elfu moja na tisini mtoto akapita: "Shikamoo."
"Marahaba," akaitikia, kwa kuwa kalelewa,
na hesabu ikapotea.
Akafumua. Akaanza na moja.

Mimi nilipewa kukwangua Ruvu.
Chini ya nyekundu kijani, chini ya kijani kijivu,
na ubavuni, mahali mkono wa mtu aliyeketi unapofika,
mikwaruzo ya msumari, mitano mitano,
safu kwa safu, kama hesabu ya treni
au ya usiku.
Nikachukua msasa.
"Hapo pasiguswe," akasema Bi Zamoyoni,
hakuinua kichwa kutoka kwenye shaba aliyokuwa akiisugua.
Tulipaka rangi sanduku zima. Pale tukaparuka.

Siku nyingine, akikamua tambara, alisema tu
kwamba baba yake hakujua kubisha hodi kama watu.
Mapigo matatu, kimya, pigo moja.
Na mama, ndani, hakufungua kwanza;
aligonga sufuria kwa mwiko, mara moja:
njia ni nyeupe, njoo.

Leo tumeivuta Ruvu hadi chumba cha pili,
waya tumeupitisha dirishani.
Kule amebaki yeye, kataka awe peke yake.
Huku Lugano kashika betri kama mtu aliyeshika kifaranga.
Nikabonyeza Soga: mara tatu. Nikanyamaza. Mara moja.
Tukaisikia kengele ikilia ng'ambo ya ukuta.

Kisha hakuna.
Treni ya umeme ikapita huko nje, ndefu, safi,
isiyohitaji ruhusa yetu.
Lugano akaanza kuitazama koili yake kwa mashaka.
"Ni waya," akanong'ona. "Au ile marahaba."

Ndipo Soga ikalia. Pigo moja.
Kitu kikalegea tumboni mwa chuma
na kipande kikaniangukia kiganjani,
kizito, baridi, kinanuka mafuta.
Nimeruhusiwa kwenda Ruvu.
Ni hatua kumi na mbili, na mlango uko wazi.

Sikwenda.
Lugano akainuka kuteleka chai,
akazigonganisha sufuria kwa kelele nyingi
kuliko chai ya watu watatu inavyohitaji.