Safu ya Mwisho

Saa kumi na mbili asubuhi taa ya tangi huwaka,
nao samaki pundamilia hudhani ndilo jua;
hutaga. Mayai hushuka hadi kwenye wavu,
angavu, kama povu lililokataa kupasuka.
Nayanyonya kwa mrija, moja moja,
nayapanga katika sahani ya vishimo tisini na sita.
Safu ya kwanza, maji matupu.
Ya pili, tone la lanthani. Ya tatu, zaidi kidogo.
Ya mwisho haimo katika daftari la Profesa Zhong:
ni maji ya kijito cha nyuma ya nyumba yetu, Longnan,
niliyoyaleta kwa basi ndani ya chupa ya chai,
nimeipakata kama mtoto mwenye homa.

Madini adimu, huitwa.
Kwetu hayakuwa adimu: yalikuwa kilima kizima.
Baba alikitoboa, akakinywesha chumvi
mwezi baada ya mwezi, mpaka kikatapika.
Kwa matapishi yale tulijenga ghorofa tatu,
tukabandika vigae, nikasomeshwa
hata nikajua kuhesabu moyo
usiozidi ncha ya sindano.

Saa ya arobaini na nane damu naiona ikipita,
chembe kwa chembe, maana mwili wenyewe ni kioo.
Nahesabu kwa saa ya simu.
Mia na hamsini kwa dakika. Mia na arobaini na nane.
Simu ikatetemeka kiganjani
(kisumaku chake kilitoka kilima cha nani, sijui).
"Suqin, umekula?"
Nimekula, Mama.
"Baba yako anasema kijito kimetakata.
Anachimba bwawa. Keshokutwa analeta vifaranga vya samaki."

Saa ya sabini na mbili
safu ya kwanza wametoka wote,
wanachomoka, wanakikimbia kivuli changu.
Safu ya mwisho wangali ndani.
Mgongo umepinda kama ndoana,
kifua kimevimba maji,
moyo umevutwa ukawa uzi
na bado unapiga, tisini na moja, tisini,
unabisha hodi kwa ndani.

Nimeandika yote. Kalamu haikutetemeka.
Palipoulizwa chanzo cha maji
nimeacha wazi kwanza,
mpaka nimpigie aliyenilipia ada
nimwambie afukie shimo.

Simu inaita.
Inaita.
Hapokei. Yuko bwawani,
mikono ina tope.