Kidole Hakipiti

Nililinunua Kondele, mkono wa pili,
tairi la pikipiki kubwa ambayo sikuwahi kuiona,
nikalivaa begani kama mkoba
hadi Mumias, watu wakinipisha.
Pana! Kiganja changu kikilala juu yake
hakikufika ukingo.

Usinicheke. Aprili nilianguka pale Shianda,
kwenye mifereji iliyochimbwa na trekta za miwa,
na nyuma nilikuwa nimembeba Mwalimu Khasandi
pamoja na karatasi za mtihani wa darasa la sita.
Hakuumia. Alisimama, akaokota karatasi moja moja,
akazipangusa kwa leso,
na tangu siku hiyo hupanda boda ya Opanga.
Ana haki. Lakini kila tukipishana
ananisalimu kwa adabu mno,
na adabu ile ndiyo iliyoninunulisha tairi.

Fundi Mukolwe aliliweka chini, akalizunguka
kama mjomba anayekagua ng'ombe wa mahari
na kuanza kuhesabu mbavu.
"Rimu yako nyembamba. Hili litavimba katikati
kama shavu la mwenye jino."
"Lifunge."
"Litaliwa na cheni."
"Lifunge tu, Mukolwe."

Akang'oa kava ya cheni, akaitupa kando,
akaongeza washa mbili, akagonga, akatukana kidogo kwa Kiwanga,
akairudisha ekseli nyuma hadi alama zikaisha.
Kisha akaingiza kidole cha shahada
kati ya mpira na uma.
Hakikupita.
Akajaribu cha mwisho.
Kilipita, kikatoka kimechubuka.
"Nafasi ya mtoto," akasema, akanawa kwa petroli,
akapokea mia tano bila kuniangalia.

Siku tatu nilikuwa bwana.
Lami ya Ekero niliilalia kona zote.
Opanga aliinama kulitazama, akapiga mluzi,
na mafuta yaliyozidi kunywewa sikuyahesabu.
Tairi la zamani, meno yamebaki nusu,
nilimpa Wangatia, mtoto wa jirani.

Siku ya nne, mvua.
Tope la kwetu ni kama deni la duka:
wewe unalikanyaga, lenyewe linakupanda.
Likaingia pale kidole kilipokataliwa,
likajaa, likashindiliwa, likawa tofali,
gurudumu likagoma huku injini inalia
na klachi inanuka kama sufuria iliyosahauliwa.
Sikuanguka. Heri ningeanguka.
Nilisimama wima katikati ya barabara
nikichokonoa tope kwa kipande cha muwa,
na Opanga akapita, tairi lake jembamba
likilipasua tope kama waya wa duka
unavyopasua sabuni ya kipande,
linashuka, linashuka, hadi ardhi ngumu,
na Mwalimu nyuma yake, mwavuli mkononi,
akanisalimu.

Jioni nikaenda kwa akina Wangatia.
Alikuwa akilikimbiza kwa fimbo, miguu mitupu,
na lilimtii kuliko lilivyowahi kunitii mimi.
"Lile tairi nilikuazima," nikaanza.
"Ulinipa."
Nikatoa shilingi hamsini. Akazitazama,
akaitazama pikipiki yenye tope hadi kitini,
akanitazama mimi. Miaka minane,
tayari mfanyabiashara:
"Unipeleke mpaka daraja la Nzoia na kurudi.
Mimi nikae mbele."

Mukolwe alilifunga asubuhi bila neno.
Aliingiza kidole tu,
kikapita chote, hadi kwenye pete,
akakichezesha mle ndani, kushoto, kulia,
kama mtu anayeniaga kwa mbali.

Lile pana liko nyuma ya jiko.
Kuku wa mama ameatamia ndani yake mayai tisa.
Yeye nafasi imemtosha.